Sura ya Tisa: Kona ya Sabuni

Mama alikuwa ameapa mbele ya mtaa mzima kwamba hatatoka nje kutazama wanaume wazima wakikimbizana kwa baiskeli. Basi asubuhi ya mashindano, majirani walipomwona katikati ya barabara, kitambaa kiunoni, ndoo mkono huu na ufagio mkono ule, kila mmoja alitafuta pa kuficha kicheko chake.

"Msinitazame hivyo," aliwaambia. "Sifanyi kwa ajili ya hao wapanda baiskeli. Nafanya kwa ajili ya jina langu. Si Kinyozi amesema kamera zitapiga hapa hapa kwenye kona? Dunia nzima ione lami ina madoa mbele ya mlango wa dobi? Afadhali nizikwe."

"Lami ni nyeusi, mama," Kinyozi alimjibu akiwa mlangoni kwake. "Doa utalijuaje?"

"Wewe nyoa watu. Madoa niachie mimi."

Akamwaga ndoo. Wala hayakuwa maji matupu, maana dobi wa kweli hajui kuosha kitu kwa maji matupu. Alikuwa ameyakorogea sabuni ya unga mpaka povu likasimama lenyewe. Wanawake wa mtaa, ambao hawakuwa wameapa lolote, nao wakaingia na mafagio, wakasugua kona yote kuanzia duka la dobi mpaka kwa Kinyozi. Aliyesugua kuliko wote alikuwa binti wa Mama, Kifungo.

Aliitwa hivyo kwa sababu utotoni alimeza kifungo cha shati la mteja. Sasa alikuwa mtu mzima, na leo alikuwa na kitu kingine kilichomkwama kooni, ambacho hata maji hayakishushi. Kilikuwa kinakuja kwa baiskeli.

Chelewa ndilo jina ambalo mtaa ulimpa kijana huyo alipokuwa anasambaza mikate kwa baiskeli. Hakuna mkate wake uliowahi kufika ukiwa na joto. Si kwamba hakuwa na mbio, mbio alikuwa nazo hadi mbwa walimkatia tamaa. Ila alisimama kila mlango. Bibi huyu amsalimie, mzee yule amsikilize mguu unavyomuuma, mtoto wa huku amtengenezee mnyororo. Leo mtu huyo huyo, Chelewa wa mikate, alikuwa ndani ya mashindano makubwa kuliko yote, na mtaa mzima umesimama ukingoni mwa barabara kumsubiri.

Mama ndiye peke yake aliyekuwa hamtaki.

"Mwanaume wa magurudumu namjua mimi," alimwambia Kifungo siku siri ilipofichuka. "Baba yako alikuwa na magurudumu kumi na manane, akanipita. Huyu wako ana mawili. Sasa hapo nimeongezewa nini?"

"Mama, Chelewa hajawahi kumpita mtu bila kumsalimia."

"Hata baba yako alipunga mkono."

Na hiyo ilikuwa kweli. Baba yake alikuwa dereva wa lori la masafa. Siku moja aliondoka na mzigo, akapunga mkono dirishani, na mkono ule ndio habari yake ya mwisho. Dada yake, Shangazi, ambaye alikuwa amekuja kutembea tu, akabaki. Alisema mikunjo aliyoiacha kaka yake ataipiga pasi yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hajaiweka pasi chini.

Chelewa alikuwa amempa Mama shikamoo nyingi kuliko nywele za kichwani mwake, na Mama hakumrudishia hata marahaba moja. Siku alipoleta fulana yake ya mazoezi imejaa tope, akidhani kupitia nguo ataingia moyoni, Mama aliishika kwa ncha za vidole, akaibandika namba kwa pini, akaitupa kwenye mashine pamoja na za watu. Shangazi akaguna. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: nguo za wateja huingia kwenye mashine zikiwa na namba; nguo za watu wa nyumbani hufuliwa na Mama kwa mkono, kwenye beseni la bluu, bila namba. Beseni lile mgeni haruhusiwi hata kunawia.

"Mteja ni mteja," Mama alisema siku ile, akafunga mlango wa mashine.

Lakini Kifungo hakuacha kumlilia, na Shangazi hakuacha kumsukuma kwa maneno, mpaka Mama akatoa sharti. Kila mwaka mpanda baiskeli wa mjini anayewashinda wenzake wa mjini huchukuliwa na chama cha baiskeli kufundisha vijana. Anapewa ofisi, anapewa kiti. "Akishinda, alete wazee wake," alisema Mama. "Mtu mwenye kiti najua pa kumkuta. Akishindwa, asikanyage tena kwenye kamba zangu za nguo."

Kamba za nguo alizitaja kwa makusudi. Huko ndiko walikokutana wawili hao, uani, kila mmoja upande wake wa shuka lililoanikwa. Mama alikuwa amekataza wasikae pamoja. Hakuwa amekataza wasimame shuka likiwa katikati.

Jioni iliyotangulia mashindano walisimama hivyo. Jua lilikuwa nyuma ya Chelewa, na Kifungo alimwona kama kivuli tu kwenye kitambaa cheupe: mabega, masikio, pua ambayo hakuna kivuli kingeweza kuipunguza.

"Kesho nikipita sitakutazama," kivuli kilisema.

"Kwa nini? Umepata mwingine huko mlimani?"

"Nikikutazama nitaanguka. Usinune, nakwambia mapema."

"Nani atanuna? Mimi nitakuwa namtazama aliye mbele yako."

Kivuli kikacheka. Kidole kimoja kikagusa shuka, na Kifungo naye akaweka chake pale pale. Kitambaa kilikuwa bado na unyevu, lakini pale kidoleni palipata moto.

"Unaogopa?" akamuuliza.

"Mlima hapana. Jua hapana. Hata wale wenzangu wenye mapaja kama magogo siwaogopi. Naogopa kitu kimoja tu."

"Mama."

"Vitu viwili, basi. Mama, na kona yenye majimaji. Tairi langu jembamba hivi, ona," akakibonyeza kidole chake kidogo kwenye shuka. "Nikiteremka kwa kasi nikakuta lami imelowa, huyo siye mimi tena. Huyo ni mzigo."

Maneno hayo Kifungo aliyachukulia kama ya mtu anayejitia kudeka. Akayaweka kando. Asubuhi akachukua ufagio akaisugua kona kwa sabuni kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, ili njia ya mpenzi wake ing'ae.

*

Redio ya Kinyozi ilikuwa juu ya kiti, mlangoni, imefunguliwa mpaka mwisho.

"Watano wamechomoka!" mtangazaji alipiga kelele. "Watano wamefika juu ya mlima, kundi kubwa liko nyuma yao! Na anayeongoza watano hao ni kijana wa mjini hapa hapa..."

Hawakusikia mengine. Mtaa ulilipuka. Kinyozi aliruka na wembe mkononi, na aliyekuwa ananyolewa akaruka pia kuokoa sikio lake. Huyo wa kunyolewa alikuwa ndiye kijana wa bendera aliyepangiwa kuilinda kona. Naye alikuwa amesikia habari za kamera, basi akaona ndevu kwanza, kona baadaye.

"Anaongoza, Mama!" Kifungo alimkumbatia mama yake ufagio ukiwa katikati. "Anaongoza!"

"Mlima una kushuka," Mama alisema. Ila hakujitoa kwenye kumbatio haraka kama kawaida yake.

"Sasa wanaanza kuteremka kuelekea mjini," redio ikaendelea. "Ni mteremko mmoja mrefu, na chini yake iko kona kali..."

Hapo jirani mmoja, mama mnene mcheshi, alivuka barabara kucheza. Kandambili yake ikateleza. Mikono ikaenda juu, mguu ukaenda kushoto, akazunguka kama pia na kukamatwa na watu kabla hajafika chini. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kifungo hakucheka. Alitazama pale alipoteleza. Kona ilikuwa bado kivulini, jua limezibwa na ghorofa, na lami yote ilikuwa inang'aa kama sahani. Inang'aa vizuri. Walikuwa wameisugua vizuri mno.

*Huyo siye mimi tena. Huyo ni mzigo.*

Akautupa ufagio.

"Mama," alisema. Akamvuta mkono. "Mama, tumemuua."

"Nani kafa?"

"Wanateremka hapa! Kwa kasi! Na sisi tumepaka sabuni!"

Mama alitazama lami, akamtazama binti yake, akatazama juu kule mteremko unakotokea. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa, na kuelewa kulimpiga usoni kama shuka la baridi.

"Suuzeni!" akapaza sauti. "Leteni maji tusuuze!"

"Maji tena? Maji ndiyo ugonjwa wenyewe, Mama! Tukaushe!"

"Tukaushe kwa kitu gani, kwa pumzi?"

Kifungo aliangaza huku na huku. Macho yake yalikwenda ndani ya duka, kwenye rafu ambapo mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yamepangwa, meupe, yamenyooka, Shangazi ameyapiga pasi tangu alfajiri. Mama aliyafuata macho hayo.

"Usithubutu."

"Mama."

"Nimesema usithubutu. Kazi ya siku nzima ile. Ya watu yale!"

"Ulitaka ashindwe," Kifungo alisema, machozi yanamtoka bila ruhusa. "Sawa. Ulitaka ashindwe. Ulitaka avunjike shingo mbele ya mlango wako?"

Redio ilisema watano wamefika katikati ya mteremko.

Mama aligeuka. Aliingia dukani. Akatoka na rundo zima kifuani, kidevu juu yake kulizuia, akafika katikati ya kona, akaliachia lote chini.

"Mnangoja nini?" aliufokea mtaa. "Kanyageni!"

Jamani, walikanyaga. Mashuka yalitandazwa barabarani kama kitanda cha jitu, watu wakapanda juu na kusugua kwa miguu, wanaburuza, wanakunja, wanageuza upande mkavu. Shangazi alitoka na pasi mkononi, akaona kazi yake iko chini ya viatu, akapiga yowe moja fupi, kisha akaweka pasi na kushika shuka. Kinyozi alileta taulo zake zote. Kijana wa bendera alikuja mbio, ndevu upande mmoja zipo na upande wa pili hazipo, anapuliza kipenga na kukausha kwa fulana yake mwenyewe.

"Huku ndani ya kona bado!" Kifungo alipaza sauti. "Wanapita kwa ndani! Huku!"

Alikuwa amepiga magoti, anasugua kwa foronya. Kila alipofuta, povu dogo lilijitokeza kwenye nyufa za lami kama linamcheka. Akilini aliona kitu kimoja tu: yale mabega ya kwenye shuka, chini.

King'ora cha pikipiki ya askari kikasikika kule juu.

"Tokeni barabarani!" kijana wa bendera akalia. "Tokeni! Tokeni wote!"

Watu walivuta mashuka na kukimbilia kandoni. Kifungo akaburuta mawili. Upande wa nje ulikuwa umekauka. Wa ndani bado ulikuwa na mkanda unaong'aa, na katikati ya mkanda huo, shuka moja, limejikunja, limesahaulika.

Mtu mwingine yeyote angeliacha. Lakini dobi haachi shuka la mteja barabarani. Mkono wake humtangulia akili. Mama alirudi.

"Mama, acha!"

Alilifikia. Akaliinua. Akageuka, na mguu wake ukakutana na sabuni yake mwenyewe. Alianguka vibaya, kwa ubavu, kifundo cha mguu kimejipinda chini yake. Akajaribu kuinuka na mguu ukamkataa.

Pikipiki ikapita upande wa nje kwa mngurumo. Kifungo alikuwa ameshaingia barabarani, lakini Shangazi alimkamata kiuno kwa mikono miwili. "Watawaua wote wawili!"

"Niachie, Shangazi!"

Wakatokea. Watano, wameinama, wanakuja kama mawe yaliyorushwa. Wa kwanza alikuwa na pua ambayo hakuna kofia ngumu iliyoweza kuificha. Kifungo alifunga macho.

Alichosikia kwanza ni breki, mlio mwembamba unaokata meno. Kisha sauti: "Nje! Piteni nje! Nje!"

Alipofumbua macho, Chelewa alikuwa amesimama. Amesimama kabisa, mguu chini, baiskeli ameikingamisha mbele ya Mama kama mlango, mkono mmoja umeinuliwa juu, wa pili unaonyesha upande mkavu. Wenzake wanne walipita pembeni yake, mmoja baada ya mwingine, na upepo wao ukamwinua Mama pindo la gauni. Nao wakaenda.

"Nenda!" watu wa upande wa juu, wasioona kilichopo, walimfokea. "We mjinga, nenda! Unasimama nini?"

Hakwenda. Kundi kubwa lilikuwa linakuja, na alilisikia. Akainama kidogo kwa yule mwanamke aliyekaa chini na shuka chafu kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema, anahema.

Mama alimtazama.

"Marahaba," alisema.

Kisha kundi likafika. Lilikuwa kama mto. Rangi, minyororo, magurudumu, makelele, na katikati ya mto ule kijana mmoja amesimama mkono juu, mto unagawanyika na kupita. Mmoja aligusa usukani wake, akayumba, akajiweka sawa. Hakuna aliyeanguka. Na wa mwisho alipopita, Kifungo alichomoka mikononi mwa Shangazi na kufika.

"Umeumia?" Chelewa alimuuliza Mama.

"Mimi mguu tu. Wewe wamekupita wote!"

"Nimeona."

"Sasa umesimama nini hapa? Nenda!"

Alipanda. Mguu ulikuwa unamtetemeka mpaka hakuupata mkanyagio. Kifungo akaweka viganja vyake viwili mgongoni mwa Chelewa, mbele ya mama yake, mbele ya mtaa, mbele ya kamera kama zilikuwepo, na kumsukuma kwa nguvu zake zote. Mgongo ulikuwa umelowa na una moto. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na shuka katikati.

*

Mchana uligoma kwisha. Redio ilisema mshindi ni mgeni kutoka mbali, na wa kwanza kwa wapanda baiskeli wa mjini ni mwingine. Chelewa hawakumtaja, ila mara moja, mtangazaji aliposema hajui ni kwa nini kijana yule alisimama, labda pumzi zilimwishia.

"Pumzi!" Shangazi aliisonya redio. "Njoo nikuonyeshe pumzi."

Mama alikuwa ameketi uani, mguu umefungwa kitambaa, kimya. Kifungo aliujua ukimya wa mama yake. Ulikuwa mbaya kuliko makelele yake. Mama hakuwahi kuvunja sharti. Hata wateja walijua: akisema nguo Ijumaa, ni Ijumaa. Na sharti lilikuwa ushindi. Kifungo alianika mashuka yaliyofuliwa upya, akayavuta, akayanyoosha, akayaanika tena, ili asilitazame lango.

Lango likalia.

Chelewa aliingia akikokota baiskeli. Uso una vumbi, fulana imekauka kwa chumvi na tope, imechanika kwapani. Hakumtazama Kifungo. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Mama.

"Nimekuja kuaga, mama. Sikushinda. Kiti amepewa mwingine. Ulisema nikishindwa nisikanyage tena hapa, basi nimekanyaga hii ya mwisho kwa adabu."

Kifungo alishika kamba ya nguo kwa mikono yote miwili.

"Nikuulize," Mama alisema polepole. "Ulikuwa mbele. Ungepita upande mkavu, ukaenda zako. Mbona hukupita?"

Chelewa alikuna shingo. "Sijui, mama. Nilikuona, nikasimama."

"Ulisema hutatazama watu!" Kifungo alishindwa kujizuia, nusu analia. "Ulisema ukitazama utaanguka!"

"Nilisema sitakutazama wewe," alimjibu, na sasa ndipo akamgeukia. "Mama sikumtaja."

Shangazi alicheka akaziba mdomo. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama kitu cha mbali, labda dirisha la lori, labda mkono unaopunga.

"Vua hiyo fulana," alisema.

"Mama?"

"Wewe kiziwi? Vua. Utatembea mjini na uchafu huo watu waseme umetoka kwa dobi?"

Akaivua kwa aibu, akabaki na fulana ya ndani, mabega yamejikunja kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu. Kifungo alifuta macho. Mteja ni mteja. Akaenda kwenye rafu, akachukua pini na namba, kwa sababu mkono wa dobi humtangulia akili.

"Weka chini hiyo namba," Mama alisema bila kugeuka.

Akanyoosha mguu wake mzima, akakanyaga ukingo wa beseni la bluu, akalivuta mpaka magotini kwake. Akalitumbukiza majini vazi lile la mtu wa barabara, pamoja na gauni lake mwenyewe na kitambaa cha kichwa cha Kifungo, akakunja mikono ya nguo yake.

"Na wewe kaa," alimwambia Chelewa, akionyesha kwa kidevu kiti cha Shangazi cha kupigia pasi. "Kiti si hicho hapo? Hii haikauki sasa hivi."